Vita Visivyo na Kishindo

Mshona mapazia aliandika riwaya yake ya vita vya anga za mbali, kwenye nyota, juu ya meza ileile ya cherehani. Mhariri aliipenda, ila alitaka meli za angani zinapolipuka zitoe kishindo.

"Dada, vita bila kishindo? Msomaji atasinzia!"

Alimweleza kwamba huko juu hakuna hewa ya kubeba sauti. Mhariri akashikilia kwamba bila kishindo hakuna kitabu. Kazi ya miaka ingepotea hivihivi, basi mshonaji akakubali shingo upande, akaongeza vishindo.

Kaka yake, aliyerudi kutoka vitani akiwa kiziwi, ndiye msomaji wake wa kwanza. Aliisoma sura mpya, akaguna.

"Mdogo wangu, hewa ya huko umeipeleka kwa ndoo?"

Kisha uso ukambadilika. "Ile ya kwanza ndiyo kweli yenyewe. Bomu la mwanzo liliniziba masikio. Wenzangu walikufa wakiniita, mimi naona midomo tu."

Dada akachukua kalamu, akavifuta vishindo vyote mbele ya macho yake. Kesho yake akamrudishia mhariri sura ile ikiwa kimya, akijua huenda kitabu kisitoke kamwe.