Maji ya Barabara ya Kondoa

Nikinusa injini iliyochemka, namkumbuka dereva mmoja wa lori, enzi za Mwingereza, mgeni aliyezoea kuwafukuza waenda kwa miguu kwenye barabara ya Kondoa huku akicheka. Ndiye aliyemgonga dada yangu akafa, wala hakusimama.

Adhuhuri moja lori lile lilitufuata polepole, mimi na mama, tukitoka kisimani. Niling'ang'ania kanga ya mama. Ghafla likazimika, likifuka mvuke. Dereva akashuka, midomo imemkauka.

"Mama, naomba maji."

Mama alimtazama sana. Akateremsha mtungi kichwani, akamwaga maji yote mchangani mbele yake.

"Binti yangu naye alikuwa anatoka kuchota maji," akasema.

Tukarudi kisimani, mwendo wa saa mbili juani. Hakuthubutu kutufuata. Nami sikuchoka hata kidogo.