Siku Nilipomwita Baba Mkubwa Mchawi

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilitoka kwetu Ganze asubuhi, viatu mkononi, nisijue naenda wapi. Matanga ya baba yalikuwa yamekwisha jana yake. Baba alianguka akipalilia mahindi, mdomo ukaenda upande, na siku ya tatu akatutoka. Nami, kijana niliyeacha shule darasa la sita nikijiona najua kila kitu, nilisimama mbele ya waombolezaji nikamnyooshea kidole baba mkubwa, kaka yake: ndiye mchawi. Ushahidi wangu? Mvi zake na macho yake mekundu.

Hakunijibu kwa ukali. "Yule tumenyonya ziwa moja, mwanangu. Nikimuua, nitazeeka na nani?"

Vijana wenzangu wakacheka. "Msikieni mzee anavyojipaka asali!"

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Wangu siku ile haukuwa hata na aibu.

Basi nikaondoka. Nilidandia lori la makaa hadi Malindi, kisha nikasogea hadi Gongoni, kwa kuwa tu sikuwahi kuona chumvi ikivunwa. Jioni nikapata chumba kwa Bi Zena, mjane wa visiwa vya kaskazini aliyepangisha vibarua. Akaniandalia wali na samaki wa nazi. Nikaonja, nikacheka.

"Bi Zena, Gongoni nzima ni chumvi, mchuzi wako umeikosea nini?"

"Ile pale kisahanini, jitilie. Mimi naiogopa. Mama yangu aliangushwa na presha, na dada zangu wawili. Daktari kaniambia figo za watu wengine huishika chumvi badala ya kuitoa kwa mkojo. Maji nayo hubaki, damu ikasukuma kwa nguvu. Na jambo hilo hutembea na ukoo. Kwenu je, nani alianguka?"

"Baba. Lakini yeye alirogwa."

"Haya. Na kabla yake?"

"Nyanya yangu. Mdomo ulikwenda upande vilevile."

"Mamake nani huyo?"

"Mama wa baba." Nikarudisha tonge sahanini. "Na wa baba mkubwa, yule niliyemwita mchawi."

"Basi huenda huyo mchawi wako ni mgonjwa asiyejijua," akasema taratibu. "Rudi ukamwambie apimwe."

Sikurudi. Niliona haya, nikajiambia mwezi ujao, na mwezi ujao ukazaa mwingine. Kisha habari zikanifikia: baba mkubwa, akiwaogopa vijana niliowachochea, alikuwa akilala vichakani, na huko ndiko alikookotwa, upande mmoja umekufa. Hakumaliza wiki. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Mwanangu, keti na shangazi zako uwaulize nani alianguka, na akiwa na umri gani. Usiridhike na "alirogwa". Watu hurithishana mashamba, na hurithishana figo pia. Si kila mtoto hupata ugonjwa huo, lakini huwezi kujua kwa kujitazama kiooni. Nenda ukapimwe, na mkono uwe mwepesi kwenye chumvi. Mimi mwenyewe nameza vidonge vya presha kila siku. Na ukijua jambo la kumwokoa mtu, hasa uliyemkosea, mfikishie siku hiyohiyo. Haya ya uso hupita. Kaburi halisikii samahani.

Mungu akulinde, akulainishie ulimi, akupe na miguu ya kurudi nyumbani kungali mapema.