Wekundu wa Chombo cha Abdia

Kalla Jillo alipopata udaktari wa kemia, wazee wa Garsen walimpongeza, kisha wakamwomba awapakie rangi mlango wa bucha. Si daktari wa rangi? Kalla akacheka, akaupaka.

Kazi yake hasa, kule chuoni Nairobi, ilikuwa kutafuta ni kitu gani kinachoipa rangi wekundu wake, na kina umbo gani. Vitu hivyo ni vidogo, jicho halivioni. Nyumbani alivieleza kwa ndala: ya kushoto na ya kulia zimefanana, lakini jaribu kubadilisha miguu uone.

Wekundu aliouandama miaka yote ulikuwa wa kwao. Mama yake, Abdia, alisuka chombo cha maziwa kwa nyuzi za mizizi, akakitia rangi ya magome ya mti uliokuwa ukiota ukingoni mwa mto, kule Ndera. Kwao, mama humsukia binti chombo, na binti huingia nacho nyumba ya ndoa. Hicho kilikuwa cha Kadra, kitinda mimba. Kingine kisingewezekana. Mafuriko yalikwisha kuila miti ile, na macho ya mama nayo yalikuwa yameingia ukungu.

Kalla akaomba akwangue rangi kidogo tu, akirudishe kabla ya harusi. Kadra akanuna.

"Mpe kaka yako," mama akasema. "Kitarudi."

Basi, alichokwangua hakikutosha. Akakwangua tena, kila mara akijiambia ni ya mwisho. Mwishowe alikata nyuzi zenyewe, mpaka chombo kikaisha, akazilowesha kwenye spiriti mpaka zikatoka nyeupe. Umbo likajulikana. Makala yake yakasomwa hadi ng'ambo, naye akawa profesa.

Kwenye simu mama hakuuliza cheo. Aliuliza chombo. Kalla akasema kiko njiani.

"Njia ya Nairobi imerefuka siku hizi," mama akajibu, akacheka kidogo.

Kila basi likiingia Garsen, alituma mtu stendi. Akafariki hivyo, bado akituma.

Siku ya harusi, Kalla alileta mchoro wa lile umbo ndani ya fremu ya kioo. Kadra akautazama sana: mistari na pembe, mistari na pembe.

"Ndiyo rangi ya mama hii?"

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona nyeusi, kaka?"

Kadra akasindikizwa kwa mumewe na dumu la plastiki la manjano, maziwa yakichezacheza ndani. Kalla akafuata nyuma na fremu yake kifuani, maana hakuna aliyejua iwekwe wapi.