Neno Nililomficha Daktari

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nachoka upya.

Nlikuwa na miaka ishirini na mbili. Mpira wa magongo wa barafuni nlijifunza hapa hapa Maskati, kwenye ukumbi wa barafu wa Qurum. Nje jua linapasua kichwa, ndani sisi tunatetemeka. Kocha mmoja mgeni akaniona, akanipeleka Ulaya kwenye timu ndogo, nkawa nacheza kwa mshahara. Zama zile ukimwambia mtu wa huku kuwa barafu ndiyo inayokulisha, alidhani unauza sharubati.

Mechi moja nlisukumwa, kichwa kikagonga ukuta wa uwanja. Nlipoinuka, kila mtu nkamwona wawili. Daktari akaniuliza, "Unaona vizuri?" Nkasema naona. Jumamosi yake mtu wa timu kubwa alikuwa anakuja kunitazama, na tamaa ilishanipofua kabla ya ajali.

Marek, golikipa wetu, mtu mzima mwenye watoto watatu, aliniona nikipapasa kamba za viatu.

"Mwambie daktari," akasema.

Nkamsihi asinisemee kwa daktari. Akanifichia, kwa huruma tu.

Jumamosi nkacheza. Nlikuwa narudi kwa kasi kulinda goli, nkaona magoli mawili na Marek wawili. Nkamkwepa asiyekuwepo, nkamvaa aliyekuwepo. Goti lake likavunjika. Hakucheza tena maisha yake.

Hospitali nlimkuta kalala, mkewe kando. Nkamwomba radhi huku nalia.

"Nshakusamehe," akasema. "Lakini yangekuwa maumivu yako peke yako, ningekuachia uyafiche."

Mkewe hakunitazama hata mara moja. Hilo ndilo lililonirudisha nyumbani, si kichwa. Nkafanya kazi ghalani Rusayl mpaka nkastaafu. Kizunguzungu nnacho mpaka leo. Kusujudu siwezi, naswali juu ya kiti.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kifo kiliniacha, nkaumbuliwa na goti la mtu mwengine.

Basi, mwanangu, uwe uwanjani, kazini au kwenye usukani wa gari, ukiumia sema, hata kama utakikosa ulichokitamani. Na mwenzako akikuomba umfichie lenye kumdhuru, usimfichie. Huruma hiyo si huruma.

Nimechoka, niache nipumzike. Mungu akupe siha, mwanangu, na siku siha hiyo itakapopungua akupe na ulimi wa kusema. Amin.