Nilinyooshwa mgongo nikiwa mtu mzima, mama akanifanyisha mazoezi ya kumzika

Wakuu, salaam aleikum, na wasio na salamu hiyo hamjambo.

Nimekuwa msomaji wa humu kwa miaka, mwandishi ni leo. Ninayoyasema yamenipata mwenyewe. Nikitia chumvi kuna watu wa Amu, yaani Lamu, humu ndani watanisuta, na mji wetu ni mdogo, hakuna pa kujificha.

Nina miaka arobaini na minane. Shule niliishia form four. Kazi yangu ni kuuza kofia za kushonwa kwa mkono, na kazi hiyo imenipa sababu ya kutokaa mahali pamoja: Mombasa, Unguja, Muscat, nikirudi Amu nakaa wiki mbili miguu inaanza kuwasha. Nikiwa mbali naikumbuka Amu mpaka nakosa usingizi. Nikifika naulizia usafiri wa kuondoka. Ndivyo nilivyo.

Uzi huu ni wa mgongo.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne bega langu la kulia lilianza kupanda. Shuleni wakaniita Kombo. Jina lilikaa sana, hata mwalimu mmoja aliliandika kwenye rejista, na kwa muhula mzima jina langu halisi lilihesabika kama mtoro.

Sikujali. Niliona kwenye kioo kwamba nikivaa kanzu nakuwa kama watu wengine. Bega limepanda kidogo, lakini kanzu imeshuka sawa chini, kulia na kushoto. Nikajiambia basi si mbaya kiasi hicho.

Ishikeni hiyo kanzu, tutairudia.

Kufika thelathini na saba mambo yalikuwa yamebadilika. Nilikuwa siwezi kubeba begi la kofia kutoka gatini hadi nyumbani bila kupumzika mara tatu. Usiku nalala upande mmoja tu. Pumzi ikawa fupi, nikisema sentensi ndefu naikata katikati.

Nikaenda Nairobi. Daktari akaning'iniza X-ray ukutani, na niseme kweli, nilidhani amekosea akachukua ya mtu mwingine. Uti wa mgongo ulikuwa kama herufi S iliyoandikwa na mtu aliye safarini. Digrii sitini na nane. Akasema pafu la kulia limebanwa, na nikiliacha litabanwa zaidi.

Dawa yake ni vyuma viwili na skrubu, kutoka chini ya shingo mpaka karibu na kiuno. Akaniambia wazi kwamba kipande hicho hakitapinda tena maisha yangu yote. Nyonga na magoti ndivyo vitakavyonibakia vya kuinamia.

Nikasema sawa. Mimi si mtu wa kuinama sana.

Nikarudi Amu kumwambia mama.

Mama yangu, Bi Maryamu, alikuwa mjane, na mimi ndiye mwanawe wa pekee. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipepeta mchele. Nilijiandaa kwa maswali ya kufa mezani, ya kupooza, ya gharama. Hakuuliza hata moja. Alisema:

"Nami utanitia tini na mgongo wa ubao?"

Kwa wasiojua: tini ni chini, yaani kaburini, na kwetu mwanamke akizikwa, wanaoshuka kaburini kumpokea ni maharimu zake. Mwana, ndugu, mtoto wa ndugu. Unasimama ndani ya shimo, unampokea kutoka juu, kisha unainama naye mpaka umlaze kwenye mwanandani, ile nafasi iliyochongwa ubavuni mwa kaburi. Pale pa kuinama ndipo kazi ilipo.

Na mama alikuwa amejitayarisha. Sanda yake ilikuwa sandukuni pamoja na karafuu maiti, na kila mwaka baada ya mvua aliianika, akaikunja, akairudisha. Kilichobaki katika mpango wake kilikuwa mimi.

(Najua wanazuoni wanaruhusu mtu mwema asiye maharimu. Nilimwambia. Naomba msinijazie uzi kwa fatwa. Aliyekuwa akitaka kuzikwa ni yeye, na alijua anachotaka.)

Tukanuniana. Mimi nikikasirika husafiri, nikaenda Faza kwa Athmani. Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yake mama, karani wa ofisi ya serikali, mtu mwema na mnene. Mnene wa kweli, pikipiki za Faza zinamjua. Nikamweleza. Akasema hilo tu, mbona yeye yupo. Tukaja naye hadi Amu, akakaa mbele ya mama kwa adabu.

"Shangazi, usiwe na wasiwasi. Siku ikifika nitashuka mimi."

Mama akampima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Ukishuka wewe, mimi nitalala wapi?"

Athmani alikunywa chai akarudi Faza.

Kilichombadilisha mama hakikuwa maneno. Asubuhi moja nilikuwa nampandishia ndoo ya maji juu. Nyumba yetu aliijenga babu yake mama, mwanzo wa karne iliyopita, na ngazi zake ni nyembamba na zina wima. Nikafika ya nne, nikaketi. Sikuanguka, niliketi tu, na pumzi ikakataa kurudi kwa muda mrefu. Nilipoinua macho mama alikuwa amesimama juu ya ngazi, ananitazama. Sijui alikuwapo tangu lini.

Akasema, "Nenda. Heri nizikwe ni mtu wa mbali kuliko mimi kukuona wewe ukizikwa."

Akashuka akaichukua ndoo mwenyewe.

Operesheni siiandiki sana, wenye kutaka habari za kisu wataniuliza chini. Nililala asubuhi, nikaamka nimeelekea dari, ICU, na mtu ananiambia nichezeshe vidole vya miguu. Vikacheza. Siku ya tatu wakanisimamisha. Nilimwona muuguzi ambaye kabla ya operesheni tulikuwa tukitazamana macho kwa macho, sasa namtazama kutoka juu. Nilikuwa nimerefuka inchi mbili. Miezi kadhaa nilikaa huko kwa ajili ya physio, nikijifunza kugeuka kitandani kama gogo, na kuokota kitu kwa kuchuchumaa kama mtu anayechuma mchicha.

Nikarudi. Ndege ikatua Manda, kisiwa cha ng'ambo ya mji wetu, na pale gatini mabaharia wanne walitaka kunibeba juu juu kunitia botini. Nikakataa. Nikashuka kwa magoti yangu, taratibu, boti nzima ikanisubiri kimya kama nasoma khutba.

Kufika nyumbani nikagonga paji la uso mlangoni. Milango ya zamani ni mifupi, aingiaye huinama kwa heshima ya nyumba. Mimi niliyeingia pale miaka thelathini na saba bila kufikiri, nilikuwa nimerefuka na sipindi. Mama akasema nyumba imenisahau.

Sasa kanzu.

Ijumaa ya kwanza nilipopata nguvu ya kwenda msikitini nilivaa kanzu yangu bora. Nilitembea wima, kifua mbele, nikijua watu wananitazama. Walinitazama kweli. Lakini nyuso zilikuwa za huruma. Baada ya swala jirani mmoja akanishika mkono akasema Mungu ndiye mponyaji, binadamu hujaribu tu. Mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini kama hospitali inaweza kurudia.

Nikajitazama kwenye kioo cha duka. Mabega yamekaa sawa. Kanzu ndiyo iliyokuwa imelala kulia, upande mmoja unafagia njia, upande mwingine uko juu ya kifundo. Mji mzima ulikuwa umeamua kwamba madaktari wamenipinda upande wa pili.

Nikaenda kwa Bwana Shee, fundi wetu wa kanzu tangu nikiwa mtoto. Nikamwambia kanzu imeharibika. Akaishika pindo, akaiachia.

"Kanzu haina kitu. Wewe ndiye uliyebadilika."

Ndipo akaniambia. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, mama alikwenda dukani kwake akamwagiza kila kanzu yangu aikate kulia ndefu zaidi, na aongeze kila bega litakapopanda, ila nisiambiwe. Alianza na upana wa kidole kimoja. Ya mwisho ilikuwa vidole vitatu. Miaka ishirini na mitatu fundi yule alinipima akiongea habari za mpira, na hakunena neno.

Nilipomuuliza mama hakusimamisha kazi yake. Alisema nguo hukatwa kwa kimo cha mvaaji.

Kanzu zote nilizirudisha zikakatwa upya. Moja nikaiacha vile vile.

Mwaka ukapita. Kwanza niliswali juu ya kiti, kisha kidogo kidogo nyonga zikafunguka nikaweza kusujudu. Siku daktari aliponiruhusu kubeba mzigo, nilimpigia simu mama kutoka Nairobi. Akasema vizuri, nije Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya alasiri, na nimpitie Athmani.

Nilidhani kuna karamu.

Tulikuta mkeka umetandikwa chini kiwandani, yaani ule ua wa ndani wa nyumba. Mama alikuwa amelala juu ya baraza ya mawe, amejifunga leso mbili, yaani kanga, kutoka shingoni hadi miguuni, mikono ndani, macho yamefumbwa. Baraza ndiyo ukingo wa kaburi. Mkeka ndio mwanandani.

"Haya," akasema. "Nitieni."

Nikamshika mabegani, Athmani miguuni. Mguu mmoja nyuma, goti chini, nyonga, kama nilivyofundishwa. Nikamfikisha kwenye mkeka nikidhani nimefaulu.

"Yeo umenitikisa."

Yeo ni leo, wakuu. Na hukumu hiyo niliisikia mara nyingi sana.

Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi. Mara nimemtikisa. Mara kichwa kimetangulia. Mara Athmani anapumua kwa nguvu, na maiti hapumuliwi. Siku moja jirani yetu alipita mlango ukiwa wazi, akatuona, akarudi nyuma akisoma inna lillahi. Kabla hatujamaliza, wanaume wa mtaa walikuwa wamekuja na viti. Mama akajifungua leso, akawapikia kahawa.

Nilimuuliza mara moja kama haogopi kufanya mambo hayo. Akasema anayeogopa ni asiyemjua atakayembeba.

Na jambo hili nililigundua nimechelewa: kabla ya operesheni nilikuwa nikikaa hata miezi saba bila kurudi nyumbani. Tangu mazoezi yaanze, kwa karibu miaka minane, haukupita mwezi. Nikiwa Unguja nahesabu siku. Muscat niliacha kwenda, hesabu haikubali.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita, homa ya siku tano. Nilikuwepo, kwa sababu ilikuwa ni wiki ya Ijumaa ya kwanza.

Nilivaa ile kanzu moja niliyoiacha. Watu waliona imelala kulia, hakuna aliyeuliza.

Tulishuka watatu. Mimi kichwani. Katikati mchimba kaburi, ambaye mama mwenyewe alishamkubali zamani kwa sababu ni mwembamba. Miguuni Athmani. Nafasi ilitosha. Athmani alikuwa amepungua kidogo, na mama alikuwa amepungua zaidi.

Wakatufunika kwa juu na shuka, ikawa kama tuko chumbani. Wakamteremsha. Nikampokea. Mguu mmoja nyuma, goti chini, nyonga. Vyuma vikakaa kimya mahali pao. Nikamlaza ubavu wa kulia, nikamfungulia sanda shavuni, shavu likagusa udongo.

Kisha nikabaki pale, nimepiga goti.

Mchimba akangoja. Athmani akangoja. Mwisho mchimba akanigusa bega.

"Bwana, tayari. Panda."

Nikapanda. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nasubiri mama aniambie kama nimemtikisa.

Kanzu ile sijaifua. Pindo la kulia lina udongo, la kushoto ni safi.

Niseme funzo, kwa sababu ndilo lililonileta. Ukiwa na mgongo kama wangu na daktari amekuambia habari ya vyuma, usiulize tu maumivu yatakwisha lini. Kaa chini kwanza ufikiri kila unachokiinamia maishani, mlango, swala, mtoto, kaburi, kisha mwulize kimoja kimoja utakiinamia vipi. Na umwulize anayekutegemea, maana yeye ana lake ambalo wewe hukulifikiria. Mimi sijutii. Napumua, nabeba begi langu, nasema sentensi ndefu mpaka mwisho, kama mnavyoona.

Bado narudi Amu kila Ijumaa ya kwanza. Sina ninachofanya. Nakaa juu ya ile baraza baada ya alasiri, Athmani naye akiweza huja, tunakunywa chai, tunautazama mkeka, halafu natafuta boti.

Mliofanyiwa kama mimi, au mnaofikiria kufanya, andikeni hapa chini: nyinyi mnainamia nini? Majibu yote nayasoma, hata ya kunicheka. Jina la Kombo nimelizoea.