Trekta la Sawaeng bado linavuja

Saa tatu kasorobo asubuhi, Khamphan Sisombat amelala chali juu ya gunia, chini ya trekta la bluu lililopauka, na tone la oili ya moto linamdondokea shingoni. Hajifuti. Anasubiri la pili. Analipokea kwa kidole, analinusa, analisugua taratibu.

"Ile ile," anasema kutoka huko chini. "Gurudumu lile lile."

Kijana aliyekaa kwenye usukani anazima injini. Ni Wichan, mkwe wa mwenye trekta, ambaye kwa saa nzima amekuwa akilizungusha uwanjani ili lipate moto. "Mjomba, hili dude linakojoa kuliko babu yangu," anatania. "Na babu yangu angalau anameza dawa."

Pembeni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, ameketi mama mmoja aliyefunika magoti kwa kitenge cheusi. Anaitwa Prayong. Trekta ni lake tangu mumewe alipofariki, na lililomuua mumewe ni trekta hilihili.

Hapa ni kijiji cha Ban Nong Phue, katika uwanda wa Tung Kula, ambako ardhi ina chumvi na mpunga hauna subira. Mvua za kwanza zimeshanyesha. Kila nyumba inalima, isipokuwa nyumba ya Prayong.

Khamphan ana miaka hamsini na nane. Kwa miaka thelathini na mmoja ametengeneza matrekta ya wakulima wasioweza kununua mapya, yale yenye umri mkubwa kuliko madereva wake. Msimu wa kulima ulikuwa ukimpa hadi bati mia tano, fedha ya huku, kwa siku. Mwaka huu hajapokea hata kazi moja. Wateja wanakuja, anawarudisha. Nyumba inaendeshwa na uyoga ambao mkewe anauokota msituni na kuuza kando ya barabara.

Sababu yake ni Sawaeng, mume wa Prayong, rafiki yake tangu walipokuwa watoto wakifagia uwanja wa hekalu.

Miaka miwili iliyopita Sawaeng alimletea trekta lililokuwa likivuja oili kwenye gurudumu la nyuma la kushoto. Khamphan alifungua gurudumu, akabadilisha sili, yaani ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke kwenye ekseli, akafunga. Likavuja tena. Mwezi Mei mwaka jana akabadilisha tena, safari hii sili ya bei kubwa. Akamwambia rafiki yake, "Hili limepona."

Siku ya nane Sawaeng alikuwa akiteremka tuta la mfereji na tela la mbolea. Alikanyaga breki. Oili ilikuwa imeshaingia humo, na breki iliyolowa oili haishiki kitu. Trekta lilitumbukia kwenye mfereji na kumlalia.

Ripoti ya ajali ina mistari minne. Mstari wa mwisho unasema: uzembe wa dereva. Dereva hakuwepo kujibu.

"Mimi ndiye niliyesema limepona," Khamphan anasema. "Sasa nataka kujua nilikosea wapi. Nisipojua, sina haki ya kushika breki ya mtu mwingine. Spana hizi nitazitupa kwenye mfereji uleule."

Ni Prayong aliyelileta trekta, likiburutwa kwa kamba, baada ya kukaa bandani mwaka mzima. Watu walimshauri alipeleke mjini. Alikataa. "Yeye alilifunga," anasema, "yeye atalifungua."

Jana Khamphan aliweka sili mpya kwa mara ya tatu. Akaikagua kwa tochi, akaikagua ekseli kwa ukucha kama ina mkwaruzo. Hakuna. Na leo, saa moja tu ya kuzunguka uwanjani, tone hilo hapo.

Anatoka chini, anakaa chini ya kivuli cha tela. Mkewe anamletea wali wa kunata na samaki wa chumvi. Hagusi.

"Kula, Fundi," Prayong anamwambia. "Ukizimia nitakuburuta na wewe."

Anatabasamu kidogo, anainuka. Anaamua kupima kiasi cha oili iliyobaki. Anafungua kifuniko cha kujazia kwenye giaboksi, ambayo oili yake ndiyo inayofika hadi kwenye ekseli, na kabla hajamaliza kukizungusha kinamponyoka mkononi. Hewa inatoka kwa nguvu, *fyuuu*, kama mtu aliyezuia pumzi muda mrefu.

Khamphan anabaki ameshika hewa.

"Mjomba?" Wichan anaita.

"Halipumui," anasema kwa sauti ndogo. "Oili ikipata moto inatanuka. Lazima hewa itoke. Isipopata njia inaisukuma oili pembeni, kwenye sili. Ungeweka hata sili ya dhahabu."

Njia ya hewa kwenye matrekta haya ni kimrija kifupi kama kidole gumba, chenye kofia ya matundu, kilichosimama kati ya kiti na usukani. Kwenye trekta hili hakionekani. Kimefunikwa na vitambaa vya rangi, fundo juu ya fundo, vya Mae Yanang, roho anayelinda kila chombo cha safari. Prayong ndiye aliyevifunga, kimoja kila Mwaka Mpya wa mwezi Aprili, akivinyunyizia maji ya manukato na kuvipaka chokaa nyeupe. Kimrija kile kilikuwa kama shingo, mahali pazuri pa kufunga.

Khamphan ananawa mikono kwa sabuni, anaunganisha viganja mbele ya uso, anaomba ruhusa. Kisha mikono inakataa kwenda.

"Shemeji," anasema, "inabidi vifunguliwe."

"Fungua."

Havigusi. Prayong anainuka, anapanda mwenyewe, na kwa kucha zake anaanza kufungua. Mafundo kumi na tano. Kitambaa cha chini kabisa kimeoza, hakina rangi. Chini yake chokaa, vumbi na mafuta vimegandamana kuwa jiwe. Khamphan analigonga kwa bisibisi, linabanduka kama ganda la yai. Kila tundu limezibwa. Anasukuma waya mwembamba, mara ya kwanza, mara ya tano, mpaka unapita.

Wanafunga, wanasafisha gurudumu na breki, Wichan anazunguka saa nzima nyingine. Khamphan anapitisha karatasi nyeupe nyuma ya gurudumu. Inatoka kavu.

Prayong anaviokota vitambaa alivyovifungua.

"Ni vitambaa vyangu," Prayong anasema.

"Hapana, Shemeji."

"Usinidanganye, Khamphan. Kila mwaka namwomba amlinde mume wangu, kumbe namziba pua."

"Wewe si fundi!" Khamphan anapaza sauti kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Fundi ni mimi. Oili ikitoka pasipopaswa, fundi anauliza hewa inatokea wapi. Mwanafunzi wa mwezi wa tatu anajua. Nilijua! Mwalimu wangu alinifundisha, ukikuta vitambaa vya Mae Yanang, zunguka, usiguse. Nikazunguka. Mara ya kwanza nikazunguka, mara ya pili nikazunguka. Niliogopa kumkosea adabu yeye, nikamuua Sawaeng."

Anamgeukia mwandishi wa habari hii, ambaye amekaa na daftari tangu asubuhi. "Andika hivyo hivyo. Isiwe uzembe wa dereva. Fundi aliogopa kitambaa. Taja na jina langu."

Prayong amekaa kwenye kiti cha trekta, mahali alipokuwa akikaa mumewe. Anakunja vitambaa kimoja kimoja juu ya paja. 

"Ya zamani kama hili," anauliza hatimaye, "umeshika mangapi?"

Khamphan anahesabu kwa vidole vyeusi. "Yanayotembea bado, tisa."

"Yana vitambaa?"

"Yote."

"Umewahi kutazama chini yake?"

"Hata moja."

"Na watu wanalima leo."

"Wanalima."

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?"

Anachukua waya, bisibisi na tochi, anavifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki. Mpango wake ni kumaliza yote tisa kabla ya kesho jioni. Anajua baadhi ya wenyewe watamkatalia kugusa, yeye hasa. "Wakinifukuza nitalala mbele ya gurudumu," anasema. "Nikishamaliza la tisa, ndipo nitajua kama mimi bado ni fundi."

Kijiji cha kwanza kiko dakika kumi na mbili. Banda liko wazi, ndani kuna doa la oili tu kwenye udongo. Mke wa mwenye trekta anakuna nazi mlangoni. Anaulizwa mumewe yuko wapi, ananyoosha mkono wenye chembe nyeupe za nazi kuelekea mashambani, upande wa tuta la mfereji.

Khamphan hakuwa amezima pikipiki; anaigeuza kuelekea tuta.