Mkono wa Mwanangu Hauvutwi

Nianze na nguo, maana ndizo zinazowasumbua watu. Kwenye masaji ya Kithai mteja havuliwi nguo. Anavaa suruali pana na fulana, analala kwenye godoro jembamba sakafuni, na mimi nimevaa suruali yangu na shati la kazi lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Hakuna mafuta. Namkanyaga nyayo, nambonyeza mapaja kwa viganja, namkunja, namnyoosha. Anayetaka kuamini kwamba hapo katikati kuna uchafu, aamini, lakini asije kunywa chai kwangu.

Mamamkwe wangu aliamini. Na chai ilikuwa yake, kwa sababu ninaishi kwake.

Nyumba yake iko Malindi, upande wa mji wa zamani. Mimi nimetoka Kakuyuni, mtoto wa wakulima, nimesoma mpaka kidato cha nne, na katika nyumba ile kila kimoja kati ya hivyo ni kosa. Mume wangu anafanya kazi Mtwapa, anakuja mwisho wa mwezi kama mgeni. Kwa hiyo tulikuwa wawili, mimi na mama yake, tukinuniana. Kisha nikazaa, na ugomvi ukapata mtu wa kugombaniwa.

Mwanangu, msichana, alikwama bega wakati wa kutoka. Muuguzi alimvuta. Simlaumu, asingemvuta ningemzika. Alitoka mzima ila mkono wa kulia ulikuwa umelegea, unaning'inia ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma kama askari wa barabarani anayepokea kitu asionekane. Pale kliniki mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wangu, alinieleza polepole: mishipa ya fahamu ya shingoni imevutika. Watoto wengi hupona, lakini ni kwa miezi. Usimnyanyue kwa kwapa. Kila unapombadilisha nepi, mzungushe mkono taratibu, na usiuvute. Hilo la kutovuta alilisema mara tatu, na mara ya tatu alimtazama mamamkwe, aliyekuwa ameketi kando yangu akiangalia dari.

Aliangalia dari kwa sababu yeye ni mkandaji. Mtaa mzima unamjua. Wanawake wakizaa wanamwita, anawakanda kwa maji ya moto siku arobaini, anawafunga tumbo. Watoto wao anawachua kwa mafuta ya nazi na kuwanyoosha: mkono wa kulia unakutanishwa na mguu wa kushoto, halafu upande wa pili, mtoto anakunjwa kama shuka. Sitamsingizia. Mimi mwenyewe alinikanda, na nikalala usingizi wa pono. Mikono anayo. Alichokosa ni masikio.

"Kiungo kimelala," alisema tulipofika nyumbani. "Chaamshwa. Hawa wa kliniki waogopa watoto."

"Mama, amesema usivutwe."

"Amezaa wangapi yeye? Hata kuolewa hajaolewa."

Sasa nieleze nilikojifunza mimi, maana sikuokota kazi hii ufukweni. Aliyenifundisha ni mama wa bara aliyekaa Thailand miaka mingi kabla ya kurudi na kufungua chumba chake huku Malindi, ndipo ninapofanya kazi. Siku ya kwanza hakutuonyesha hata kidole. Alitupa historia. Husemwa, alituambia, kwamba kazi hii ilianzia India kwa tabibu aliyemtibu Buddha mwenyewe. Watawa wakaipeleka Thailand pamoja na dini yao, huko ikachanganyika na utaalamu wa Wachina na wa wenyeji, wakaitunza kwenye mahekalu, hata wakachonga kwenye mawe michoro ya mwili wenye mistari kila upande. "Husemwa," alirudia. "Mimi sikuwepo." Alichokiona kwa macho yake ni vijijini: watu wametoka kupanda mpunga, migongo imekauka, mmoja analala kifudifudi na mtoto wake anampanda mgongoni kumkanyaga. Haikuwa anasa ya hoteli. Ilikuwa dawa ya watu waliochoka, kama maji ya moto ya mamamkwe wangu.

Faida zake nazijua kwa viganja vyangu. Mgongo uliokaza unalegea. Shingo iliyogoma inageuka. Mtu aliyekuja na uso wa kesi mahakamani anaanza kukoroma. Haitibu sukari wala saratani, na anayekuambia inatibu anakuibia.

Lakini si kila mtu anaiweza ile kali. Kwa wazee, wajawazito na watu wa presha kuna ile ya upole, na kwa wengine haifai kabisa mpaka daktari aseme. Mteja unamlaza ubavu, unamwekea mito, hukanyagi, hukunji, unambembeza kiungo na kusubiri. Wenzangu walidhani ni kazi ya wavivu. Ndiyo ngumu, kwa sababu nguvu kila mtu anazo. Mwalimu alikuwa na sharti moja tu: sikiliza pumzi. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo kwamba haumii, lakini pumzi ikikatika umepita mpaka, rudi. Ili tusisahau alitulaza sisi wenyewe mmoja mmoja, akatuvuta mikono mpaka pumzi zikakatika, akatuacha hapo kidogo. "Hapo," alisema. "Hapo ndipo usipompeleka mtu."

Basi kila asubuhi nilimlaza mwanangu kitandani, nikakutanisha viganja kama tulivyofundishwa, nikatulia kidogo, ndipo nikamshika mkono na kuuzungusha taratibu. Mamamkwe alinikuta.

"Waabudu masanamu ndani ya nyumba yangu?"

"Nasema Bismillahi, mama. Viganja tu ndivyo vya Kithai."

"Mikono iliyoshika mapaja ya wanaume wa watu, leo yamshika mjukuu wangu!"

"Na wewe ukiwasinga maharusi, ukiwasugua mwili mzima, huwa wamevaa koti?"

Nilimpigia mume wangu. Akaanza: mama amekanda watoto tangu sijazaliwa.

"Na wewe alikukanda?"

"Alinikanda."

"Basi mdomo aliusahau, maana ukiwa mbele yake haufunguki."

Alikata simu.

Likizo ya uzazi iliisha. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwachia mtoto. Nilisimama mlangoni na sare yangu mkononi, nikamwambia mamamkwe: mlishe, muogeshe, mbebe, mwimbie, mkono wa kulia usiuvute. Akasema sawa. Nikamwambia aape. Akaapa, kwa Mungu na Mtume wake, na mimi mjinga nikaenda kazini kunyoosha watu wazima.

Mwezi wa tano mvua ilikomaa, wageni wakapotea, na siku moja mwalimu akaturudisha nyumbani kabla hata ya saa nane mchana. Nilimsikia mwanangu nikiwa bado kwenye kichochoro. Si kilio cha njaa, mama yeyote anajua tofauti. Kisha kilio kikakatika, pu, kama redio iliyochomolewa.

Mamamkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto kalala juu ya miguu yake, anang'aa mafuta. Ameshika kifundo cha mkono wa kulia na ameuvuta wote juu, umepita sikio. Mdomo wa mwanangu ulikuwa wazi na uso umeiva. Sauti hakuna.

"Waona?" aliniambia, bila hata kushtuka. "Amenyamaza. Amezoea sasa."

"Hajanyamaza. Amekata pumzi."

Nilimchukua. Sikumnyakua, kwa mtoto yule hata hasira ilibidi niifanye polepole. Pumzi ikarudi na kilio kikarudi, nikazunguka naye chumbani mpaka akalala, akishtuka-shtuka usingizini. Nikamlaza. Nikarudi ukumbini, nikaketi kwenye mkeka mbele ya mama wa mume wangu.

"Mama," nikasema, "nipe mkono."

Katika nyumba ile, ukimkosea mkubwa unamshika mkono, unaubusu, na neno linaisha. Alikuwa akiningojea nifanye hivyo tangu siku ya harusi. Akajifuta mafuta kwa ncha ya kanga, akaninyooshea mkono wa kulia, mgongo wa kiganja juu, na uso ameulegeza kama mtu anayetoa sadaka.

"Mungu akusamehe, mwanangu," alisema, hata kabla sijafungua mdomo.

Nilimshika kifundo. Nikauinua mkono ule taratibu, kama ninavyowainulia wazee kazini, mpaka usawa wa bega, mpaka usawa wa sikio. Lile ni bega la mtu aliyekanda wenzake miaka thelathini, limekaza, mpaka wake uko karibu na nilijua uko wapi. Nikaupita kidogo. Nikasikia pumzi yake inakatika, nikasimama hapohapo. Sikuongeza. Wala sikurudisha.

Alinitazama, mdomo wazi.

"Mbona umenyamaza, mama?" nikamwuliza. "Umezoea?"

Nikamshushia mkono polepole, nikauweka mapajani mwake.

"Umeniua!" alisema pumzi ilipomrudia. "Weye wataka kuniua!"

"Wewe una mdomo wa kusema nimekuua. Yeye hana."

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba nimemvunja mamamkwe mkono. Sikumvunja, kesho yake alikuwa akikuna nazi. Lakini kwamba nilimvuta, ni kweli, nilimvuta, na sijutii. Jirani mmoja aliniuliza kisimani kama hayo ndiyo mafunzo ya masaji. Nikamjibu ndiyo, na bado hujaona mafunzo ya mguu.

Mume wangu alikuja katikati ya mwezi, jambo ambalo hata mwanawe alipozaliwa hakulifanya. Akataka niombe radhi. Nikamwambia nitambusu mama yako mkono siku atakapotamka mbele yako kwamba mkono wa mwanangu hauvutwi. Tulimngoja atamke. Mamamkwe alimuuliza mume wangu kama amekula.

Hajatamka mpaka leo. Mimi namchukua mtoto kazini. Mwalimu amekubali, mtoto analala kwenye godoro la pembeni, na wageni wakiwa wachache mwalimu mwenyewe anamzungusha mkono huku akisikiliza pumzi yake. Huko kliniki wanasema tunakwenda vizuri ila tusijisifu. Kiwiko kinakunja. Bega bado.

Juzi nilikuwa nimempakata barazani, na mkono wa kulia, ule ule, ukapanda wenyewe mpaka kifuani kwangu ukashika ushungi. Ulishika kidogo tu, ukateleza. Mamamkwe aliona. Akatupa ufagio.

"Si niliwaambia kitaamka? Mafuta yangu hayo!" Akaja mbio, mikono yote miwili mbele. "Lete nimwone."

Nikamgeuzia mtoto upande wa pili.

"Kwa macho, mama," nikamwambia. "Mwone kwa macho."